Lugha ndogo humtosha anayeamuru

Tangu Januari 2022, Toki Pona, lugha ya kubuniwa, ilipopewa msimbo wake katika orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3, kuna hoja inayozunguka mitandaoni na kila ikirudi huja na wapenzi wapya. Inasema hivi: ikiwa lugha ya maneno 120 imetambuliwa, na watu wa nchi mbalimbali wanaandikiana kwayo, wanatunga mashairi na kutaniana kwayo, basi jibu la tatizo la lugha duniani limepatikana. Kila mtu ajifunze maneno hayo kwa wiki chache, abaki na lugha ya mama yake nyumbani, na mambo ya mataifa yaendeshwe kwa lugha ndogo isiyo ya taifa lolote. Kwetu hoja hii ilisogea karibu zaidi Agosti 2024, Arusha ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la 109 la dunia la Kiesperanto, lugha nyingine ya kubuniwa, la kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Katika mazungumzo yaliyofuata nimeona Kiesperanto na Toki Pona vikitiwa kapu moja, kana kwamba ni mradi mmoja wenye majina mawili.

Mimi naona hoja hii imekosea pale pale inapoanzia. Uchache wa maneno haupunguzi kazi ya kuelewana. Unaihamisha tu. Kazi ambayo ingefanywa na kamusi anabebeshwa msikilizaji, ambaye sasa inambidi akisie. Na mzigo wa kukisia haugawanywi sawa. Anayetoa amri anaweza kuendesha siku yake nzima kwa maneno mia mbili. Anayelalamika, anayejitetea, anayeeleza maumivu yake au kudai ujira wake, huyo maneno mia mbili hayamfikishi popote. Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, na ni ajabu kwamba tunapojadili lugha ndogo za kimataifa hatuitaji kabisa.

Kwanza niitendee haki Toki Pona yenyewe, kwa sababu wanaoibeza wanaikosea sawa na wanaoitukuza. Aliyeibuni ni Sonja Lang wa Kanada, akaiweka mtandaoni mwaka 2001, na kitabu chake kikatoka 2014. Ina herufi 14 tu. Msomaji wa Kiswahili hapati shida ya kuitamka: irabu ni zile zile tano, neno husomwa kama lilivyoandikwa, na karibu kila silabi huishia na irabu. Haina nyakati za vitenzi, haina umoja na wingi, haina ngeli. Neno moja, sina, ni wewe na ni ninyi. Neno laso ni buluu na ni kijani. Rafiki ni jan pona, yaani mtu mwema, na gari ni tomo tawa, chumba kinachokwenda. Lang hakuibuni ili mabalozi waitumie. Aliibuni kama zoezi la fikra, njia ya kulivua wazo mapambo yake na kuliangalia likiwa tupu, na kwa kazi hiyo ni kitu cha kupendeza kweli. Ukijilazimisha kusema kwa Toki Pona kwa nini umemkasirikia ndugu yako, utagundua upesi ni kiasi gani cha hasira yako kilikuwa maneno matupu. Nimeijaribu kwa moyo mmoja na ninaipenda. Kosa ni kuipa kazi ambayo haikuiomba.

Jaribio dogo linatosha kuonyesha ninachosema. Chukua sentensi ya kawaida ya sokoni: mama mkubwa aliniambia nisinunue viazi vya jana. Kwa Toki Pona unaweza kuandika: mama suli li toki e ni tawa mi: o esun ala e kili pi tenpo suno pini. Sentensi ni sahihi, tena ina mdundo mzuri. Sasa mpe mtu mwingine, asiyejua ulikotoka, airudishe. Mama ni mzazi, awe wa kike au wa kiume, kwa hiyo dada mkubwa wa mama yako amegeuka mzazi mkubwa, labda babu. Neno toki, kusema, halina wakati, kwa hiyo hajui kama ulishaambiwa au unaambiwa sasa hivi. Esun ni biashara kwa jumla, kuuza na kununua pamoja. Kili ni tunda, ni mboga, ni mazao. Atakachokupa ni hiki: mzazi mkubwa ananiambia nisifanye biashara ya matunda ya siku iliyopita. Viazi havipo, mama mkubwa hayupo, na onyo la kununua limeweza kuwa katazo la kuuza. Kila kilichopotea kilikuwa na kazi katika sentensi ile.

Ukihamia kwenye hesabu mambo yanakuwa mazito zaidi. Toki Pona kwa asili ina moja, mbili na nyingi. Waliohitaji zaidi wakaongeza mtindo wa kujumlisha, ambapo luka, yaani mkono, ni tano, na mute, nyingi, ni ishirini. Kwa mtindo huo joto la mtoto likiwa nyuzi 38, muuguzi aseme mute luka luka luka tu wan, naye mzazi ajumlishe ishirini, tano, tano, tano, mbili na moja. Bado hatujafika kwenye dozi ya dawa, wala saa ya kumeza, wala siku ya kurudi kliniki. Watetezi hawakatai hili. Jibu lao ni kwamba muktadha huondoa utata: ukiwa sokoni, kili ni viazi, na ukiwa kwa shangazi, mama suli anajulikana ni nani.

Hilo ni jibu la haki, na kati ya watu wanaojuana ni kweli kabisa. Mume na mke waliokaa miaka thelathini wanaweza kuelewana kwa kukohoa. Lakini mawasiliano ya kimataifa, kwa maana yake halisi, ni mawasiliano ya watu wasio na muktadha wa pamoja. Mfanyabiashara wa korosho wa Mtwara na mnunuzi wa Vietnam hawajawahi kukaa jikoni kumoja. Ndiyo maana wanahitaji maneno yanayobeba maana bila kumtegemea mtu kukisia, daraja la korosho, kiwango cha unyevu, nani analipia mzigo ukilowa bandarini. Lugha inayotegemea muktadha kuliko zote ndiyo inayopendekezwa kwa watu wenye muktadha mdogo kuliko wote. Wazungumzaji wa Toki Pona wanaelewana vizuri, naam, lakini wengi wao wanaishi katika dunia moja ya mtandaoni, wanasoma mambo yale yale, na nyuma ya mazungumzo yao mara nyingi kipo Kiingereza cha kuulizia pale mambo yanapokwama. Hata hivyo msamiati wenyewe umekuwa ukivimba. Kamusi ambayo Lang aliitoa mwaka 2021, kutokana na majibu ya watumiaji, inahesabu maneno ya lazima 137. Lugha ikitumiwa na watu hai hukua, hata pale mwenyewe alipoibuni ikae ndogo.

Wazo la lugha ya maneno machache kwa ajili ya dunia nzima si geni. Giuseppe Peano, mtaalamu wa hisabati wa Italia, alipendekeza Kilatini kisicho na minyambuliko mwaka 1903. Lancelot Hogben wa Uingereza alitoa Interglossa mwaka 1943, ikiwa na maneno 880. Lakini jaribio lililosukumwa na nguvu halisi ya dola ni lile la C. K. Ogden, Mwingereza aliyetangaza Kiingereza cha Msingi mwaka 1930. Ogden alikipunguza Kiingereza hadi maneno 850: majina 600, sifa 150, na maneno 100 ya kuendeshea sentensi, ambamo vitenzi ni 18 tu. Septemba 1943, katikati ya vita, Winston Churchill alisimama katika Chuo Kikuu cha Harvard akakisifu hadharani, na katika hotuba hiyo hiyo akasema himaya za siku zijazo ni himaya za akili. Hakuficha nia. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ikanunua haki za Ogden kwa pauni 23,000.

Sasa angalia hesabu ya vitenzi 18 ilivyowezekana. Kiingereza cha Msingi hakina kitenzi cha kuvumilia, lakini kina put, up na with, ambavyo vikipangwa pamoja humaanisha kuvumilia. Hakina cha kuahirisha, ila put ikifuatwa na off ni kuahirisha. Give na up ni kukata tamaa. Mwingereza haoni shida yoyote hapo, kwa sababu mafungu hayo ameyanyonya na maziwa. Mwanafunzi wa Tabora au wa Osaka ndiye anayekwama, kwani hakuna chochote katika put wala katika up kinachomdokezea uvumilivu. Inambidi akariri kila fungu kama neno jipya, lakini kwenye orodha halihesabiwi kuwa neno. Kwa hiyo orodha ya 850 ilikuwa fupi kwa yule aliyeitunga, na ndefu kwa yule aliyetakiwa kujifunza. Na hata hivyo haikutosha. Wasomi walioitafsiri Biblia kwa Kiingereza hicho, Agano Jipya likatoka 1941 na Biblia nzima 1949, walilazimika kuongeza maneno 50 ya kidini na 100 ya mashairi, wakafika 1,000. Wanaotaka kuona maneno machache yanakwamia wapi wasome humo Zaburi.

Kwetu sisi jambo hili halikuwa la vitabuni. Katika Kenya ya walowezi kiliota Kiswahili ambacho wazee bado wanakikumbuka kwa jina la Kisetla. Ngeli ziliondolewa, viambishi vikakatwa, vitenzi vikabaki katika umbo moja, na msamiati ukabaki ule wa jikoni, bustanini na zizini. Lete, ondoa, kuja, kwenda, upesi upesi. Zilichapwa hata vijitabu vya kuwafundisha walowezi na maofisa Kiswahili hicho cha bara. Jeshi la King's African Rifles nalo, lililokusanya vijana kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, hadi Uganda, lilikuwa na Kiswahili chake cha kambini kilichopunguzwa kwa ajili ya gwaride na zamu. Kusini zaidi, migodi ya Afrika Kusini iliendeshwa kwa Fanagalo, iliyochota zaidi kwenye Kizulu na kupachikwa Kiingereza na Kiafrikaans, na mfano wake ukapanda hadi migodi ya shaba ya Zambia. Sisemi lugha hizi zilikuwa na wanyapara peke yao. Askari walitaniana kwa Kiswahili cha kambi, na wachimbaji wa makabila tofauti waliokoana kwa Fanagalo chini ya ardhi. Lakini ukitazama kila moja ilikuwa na maneno gani tayari na ilikosa yapi, utaona umbo lake. Amri zilikuwepo zote. Njia ya kusema kwamba nimefanya kazi siku thelathini na kadi yangu imetiwa alama ishirini na nne, na aliyeitia hakuwepo siku ile, hiyo haikuwepo. Mtu alikuwa na akili timamu na kisa kamili kichwani, akifungua kinywa anatoka kama mtoto. Bwana mkubwa akaondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo mfanyakazi wake anavyofikiri.

Wapo watakaosema naichafua Toki Pona kwa dhambi za ukoloni. Sivyo. Hakuna anayelazimishwa kuijifunza, na haina bwana. Ninachosema ni kwamba upungufu wa maneno una tabia yake, uwe umeletwa kwa nia njema au mbaya. Lugha ndogo inapokutanisha watu wawili walio sawa, wenye muda na wanaopendana, inakuwa mchezo mtamu. Inapokutanisha afisa wa uhamiaji na mkimbizi, daktari na mgonjwa, tajiri na kibarua, mwenye nguvu hupata alichokitaka kwa sentensi mbili na mwingine hubaki na kisa chake mdomoni. Na hayo ya pili ndiyo mazingira ambamo lugha ya kimataifa inahitajika kweli.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka angani. Mazungumzo ya rubani na mwongoza ndege ni lugha ndogo iliyofanikiwa: misemo michache iliyokubaliwa na dunia nzima, kila mmoja wenye maana moja, na kila siku maelfu ya ndege hutua salama kwayo. Januari 25, 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Marubani waliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha, wakaomba kupewa kipaumbele, lakini hawakutangaza dharura kwa neno lililowekwa kwa kazi hiyo. Ndege ikaishiwa mafuta ikaanguka Cove Neck, na kati ya watu 158 waliokuwamo wakafa 73. Mtetezi wa lugha ndogo anaweza kusema, kwa haki, kwamba neno moja lililopangwa lingewaokoa. Ni kweli, na nidhamu ya misemo ile haina mbadala. Lakini Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipotafakari ajali hii pamoja na nyingine zilizotokana na lugha, halikuishia kuhimiza watu wakariri misemo. Mwaka 2003 liliamua kwamba marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wapimwe uwezo wao wa lugha ya kawaida, nje ya misemo, na wafike angalau ngazi ya nne kati ya sita. Sababu ni kwamba misemo hutosha mambo yakienda kama yalivyopangwa. Yakiharibika, mtu anahitaji kueleza kitu ambacho hakuna aliyekiandalia msemo.

Hapo ndipo mahali pa haki pa msamiati mdogo. Mafundi wa ndege wanatumia miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichobanwa, chenye kamusi ya maneno 900 hivi pamoja na istilahi za vifaa, na inawasaidia sana. Mabaharia wana misemo yao iliyopitishwa na shirika la kimataifa la bahari mwaka 2001. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 kutangaza habari kwa Kiingereza cha maneno 1,500 kikisomwa taratibu, na watu wengi walikipandia Kiingereza kikubwa kwa ngazi hiyo. Katika mifano yote mitatu lugha ndogo ina lugha kubwa nyuma yake na ina mpaka wa kazi. Fundi akikutana na ufa ambao mwongozo haukuutaja, anaandika ripoti kwa lugha pana. Toki Pona haina lugha hiyo nyuma yake. Kikomo chake ndicho ukuta.

Upande wa pili una hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni ya haki. Kiingereza cha kimataifa kina wenyewe. Mtoto aliyezaliwa Leeds anaingia mkutanoni akiwa amelipiwa gharama yote, na mtoto wa Sumbawanga ametumia miaka kumi na mbili shuleni kupata nusu ya uwezo huo, kisha bado anachekwa matamshi. Lugha isiyo ya mtu ingewaweka mstari mmoja. Hilo ndilo lililomsukuma L. L. Zamenhof, aliyekulia Białystok akiona Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wayahudi wakichukiana mtaa kwa mtaa, akatoa Kiesperanto mwaka 1887. Nayaheshimu sana mawazo hayo, na waliokusanyika Arusha wana haki ya kujivunia kwamba lugha yao imeishi zaidi ya miaka 130, imevuka mateso ya Hitler na ya Stalin, na ina watu Burundi, Kongo na Tanzania. Lakini imeishi kwa kukataa kubaki ndogo. Zamenhof alianza na kanuni 16 za sarufi na mizizi 900 hivi, na akaunda viambishi ili mzizi mmoja uzae mingi: san ni afya, malsana ni mgonjwa, malsanulejo ni mahali pa wagonjwa. Angeweza kuishia hapo. Wazungumzaji hawakukubali. Waliongeza hospitalo vilevile, wakaongeza maneno ya fizikia, ya sheria na ya mapenzi, na leo kamusi yao kubwa ina mizizi zaidi ya 15,000. Kwa hiyo anayeutaja mkutano wa Arusha kama ushindi wa lugha ndogo amesoma kinyume.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile isemayo lugha ikiwa rahisi vya kutosha itaenea yenyewe. Historia haina mfano hata mmoja wa hilo. Volapük ya padri Johann Martin Schleyer ilivuma katika miaka ya 1880 hadi ikafanya kongamano zima Paris mwaka 1889 kwa lugha yenyewe, kisha ikasambaratika kwa ugomvi wa nani ana mamlaka ya kuirekebisha. Mghana K. A. Kumi Attobrah alitoa Afrihili mwaka 1970, akichota kwa wingi katika Kiswahili na Kiakan, akiwa na nia njema ya kuipa Afrika lugha moja. Afrihili nayo ina msimbo wa ISO, afh. Msimbo upo, jamii ya wazungumzaji haikupatikana, na jambo hilo lingetosha kutuliza shangwe ya 2022. Kiesperanto chenyewe kilibisha hodi Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nitobe Inazo, naibu katibu mkuu wa shirikisho hilo, alihudhuria kongamano la Prague mwaka 1921 akakiandikia ripoti nzuri. Ufaransa ikapinga, kwa kuwa Kifaransa kilikuwa lugha ya diplomasia, na jambo likazimwa. Hakuna aliyelalamika kwamba ni kigumu.

Kiswahili ni ushahidi wa upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mtu angeulizwa mwaka 1800 achague lugha rahisi ya kuvuka bara, asingechagua lugha yenye ngeli, yenye upatanisho wa kisarufi katika kila neno la sentensi. Bado kilipanda na misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kikavuka ziwa Tanganyika hadi Maniema, kwa sababu kulikuwa na pembe, chumvi, vitambaa, dini, hofu na ndoa za kuzungumzia. Kilipofika Kongo watu walikilegeza wenyewe, wakapunguza baadhi ya upatanisho wa ngeli na kuingiza maneno ya huko, na hawakuacha kukitumia kupendana, kugombana na kuabudu. Tofauti ya Kiswahili hicho na Kisetla haiko katika idadi ya ngeli zilizoachwa, kwani vyote viwili viliacha. Cha Kongo kilirahisishwa na wanaokiishi, na kila walipopunguza sarufi waliongeza maneno. Kisetla kilipunguzwa na anayekitumia kuagiza chai.

Kuna wanaoona mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa simu sasa inatafsiri. Sikubaliani nao moja kwa moja, ila wametupa kipimo kizuri. Programu za tafsiri hula maandishi mengi, na huboreka kadiri lugha inavyokuwa na maneno bayana yenye historia ya kutumika. Lugha ambayo kili ni tunda, mboga na mazao haiwezi kuwa daraja la kupitishia mkataba. Unaingia na viazi na hutoki navyo.

Yote haya yanatuhusu sasa kuliko zamani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, UNESCO ilishatenga Julai 7 kuwa siku yake, na nchi zisizokuwa na Kiswahili zinaanza kukifundisha. Katika hali hiyo kishawishi cha kutengeneza Kiswahili chembamba cha kuwauzia wageni ni kikubwa, na kina mantiki yake: tuondoe ngeli, tuache maneno mia tano, tuwape wapenzi wa lugha kitu cha kushika. Mimi naunga mkono nusu ya kwanza ya jambo hilo, ile ya kupanga ngazi. Mgeni anayeanza Addis Ababa au Windhoek anastahili vitabu vilivyopangwa kwa idadi ya maneno, 300, kisha 800, kisha 1,500, na redio zetu zingeweza kusoma habari za taratibu kama ilivyofanyika kwa Kiingereza tangu 1959. Kinachoniogopesha ni ngazi ya kwanza kugeuzwa dari. Tanzania ilipobadili sheria mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kazi iliyofuata ilikuwa kuongeza istilahi, si kuzipunguza, maana mtu aliyeshtakiwa anatakiwa aelewe tofauti ya kosa na tuhuma.

Na hata hiyo ngazi ya kwanza inategemea nani anaipanga. Fungua kitabu chochote cha Kiswahili kwa wageni, cha watalii au cha wafanyakazi wa mashirika, utazame kurasa za mwanzo. Utakuta jambo, karibu, lete, nataka, bei gani, punguza, twende, haraka, asante. Ni msamiati wa mtu anayehudumiwa. Mwanafunzi anaweza kumaliza kitabu kizima bila kukutana na sikubali, kwa nini, nieleze tena, nani amesema, naomba iandikwe, si kweli, nilikuwepo, bado hujanilipa. Maneno haya hayana ugumu wowote kuliko yale, hayana sarufi ya ziada, na orodha ya 300 ina nafasi yake yote. Wanaoandaa mitaala ya Kiswahili kwa Umoja wa Afrika wanapochagua maneno ya mwezi wa kwanza, waanze na hayo.